Viatu vya Mzee Masanja

Mlipokuja kwangu Kongowe ya Kibaha juzi, nyie vijana wa Kisarawe, kitu cha kwanza mlichonionyesha baada ya shikamoo kilikuwa spika. Ya kuvaa kiunoni, na kipaza sauti chake kinakaa mdomoni kama mswaki. Mkasema, Mama Tabitha, tunataka kuanzisha matembezi ya miguu, tuwatembeze wageni Kisarawe mjini, tuwafikishe na misheni ya zamani kule Maneromango, na wewe umefanya kazi hii Bagamoyo mpaka umestaafu, tufundishe. Nikawauliza viatu vyenu viko wapi. Mmoja wenu, yule mrefu, akanong'ona kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Nilisikia, mwanangu, masikio yangu bado mazima. Nikainuka nikaenda mlangoni kuvitazama viatu vyenu, na pale pale somo likawa limeanza.

Sasa nimekaa niyaandike, maana siku ile mlikuwa na haraka na chai ilipoa.

Mimi ni mtoto wa Maneromango. Nimezaliwa nyuma ya misheni, nimekulia kwenye mihogo, na barabara yetu mnaijua, mvua ikinyesha hata mbuzi anaahirisha safari. Kwa hiyo kutembea kwa miguu sikufundishwa na mtu. Kutembeza watu ndiko nilikofundishwa, na aliyenifundisha alikuwa Mzee Sefu wa Bagamoyo, mzee mfupi, mkali, kofia yake imekaa upande, aliyeijua mitaa ya mji mkongwe kama mpishi anavyojua sufuria zake.

Siku zangu za kwanza nilijiona nimesoma. Nilimeza miaka yote: ngome hii ilijengwa lini, boma lile lilijengwa lini, nani alifika, nani aliondoka. Nikachukua kundi la walimu, nikawasimamisha mbele ya boma la Wajerumani saa sita mchana, nikaanza kumwaga. Namwaga, namwaga! Nikaona walimu wanapungua. Mmoja kajificha nyuma ya ukuta, wawili wameenda kununua maji, mmoja kafumba macho amesimama. Mzee Sefu alikuwa ng'ambo ya barabara ananitazama. Akanivuta pembeni.

"Umewaonyesha choo?"

"Hapana, mzee."

"Umewaonyesha kivuli?"

"Hapana."

"Sasa hiyo historia wataiweka wapi, wakati kibofu kimejaa na kichwa kinachemka?"

Tangu hapo, wageni wangu wakishuka tu kwenye gari, choo kwanza. Halafu kivuli. Asubuhi mtaa una upande wake, jioni una upande wake, na saa sita hakuna upande, kwa hiyo saa sita waingizeni ndani ya jengo lolote lenye ukuta mnene, hata kama hamna la kusema. Mtatafuta la kusema mkiwa ndani.

Na msije mkajidai mnajua kila mlango. Kuna nyumba moja nilikuwa naisifu kila siku kwamba ilikuwa ya tajiri mmoja wa enzi za pembe za ndovu, wageni wanapiga picha, mimi natamba. Siku moja akatoka bibi mmoja na ufagio mkononi. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii kajenga marehemu mume wangu, na maji ya kukandia udongo nimechota mimi kwa kichwa changu." Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini wageni walimpenda yule bibi kuliko boma na ngome. Nikaomba radhi, na tangu siku hiyo nikawa nasimama mlangoni kwake makusudi, yeye anatoka na ufagio wake, anasimulia mwenyewe.

Ila fundisho kubwa la Mzee Sefu lilikuwa hili, na ndilo lililonipeleka mlangoni kuangalia viatu vyenu. Alisema msafara unakwenda kwa mwendo wa kiatu kibaya kuliko vyote. Si kwa mwendo wa kiongozi, si kwa mwendo wa kijana mwenye raba. Kabla hujafungua mdomo, tazama miguu. Yupi kavaa kiatu kipya? Yupi kakanyaga kisigino? Ukishamjua huyo, yeye ndiye saa yako. Na usimtaje. Ukimtaja umemwaibisha, na mtu akishaaibika hata ukimwonyesha dhahabu haioni.

Hilo nililielewa vizuri siku niliyowatembeza Mzee Kondo na Mzee Masanja.

Mzee Kondo ni Mzaramo mwenzangu, mzee wa kanisa, mkulima wa Chole, Chole yetu ya Kisarawe. Mzee Masanja ni Msukuma aliyehamia Chole na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Mzaramo na Msukuma ni watani, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Hawa wawili ndiyo walikuwa watani hasa. Mzee Masanja akipita shambani anapiga kelele, "Mzaramo, leo hakuna ngoma? Umekamata jembe, unaumwa?" Na Mzee Kondo anajibu, "Pita upesi na ng'ombe wako, ulivyowazoea nashindwa kujua yupi ni wewe." Basi wanacheka, maisha yanakwenda.

Mpaka siku ng'ombe walipoingia kwenye muhogo wa Mzee Kondo. Wakala, wakakanyaga, wakaondoka. Mzee Kondo akasema ni ng'ombe wa Masanja. Mzee Masanja akasema si wake, ni wa wapita njia. Hakuna aliyeona. Na kuanzia hapo, utani ukakatika. Nyie vijana hamjui uzito wake. Mtani akikutukana, mshukuru Mungu. Mtani akianza kukuita "ndugu" na kukuamkia kwa adabu, ujue kuna jambo limeoza.

Sasa katika hali hiyo hiyo, Neema, binti wa Mzee Kondo, na Shija, mtoto wa Mzee Masanja, wote watumishi huku Kibaha, walikuwa wamependana na wanataka kuoana. Dini haikuwa tatizo, wote wa kanisani. Tatizo lilikuwa muhogo. Mzee Kondo alisema hapokei posa ya nyumba ile mpaka Masanja akiri kosa. Mzee Masanja alisema hawezi kukiri kosa ambalo si lake, na kama ni hivyo mwanawe atafute mke kwingine. Vikao vitatu vilifanyika Chole, vyote viliishia shambani, watu wanaoneshana mashina yaliyovunjika.

Neema akanifuata hapa hapa kwangu, macho yamevimba. "Mama, wazee hawa wakikaa Chole wanaona muhogo tu. Wote wawili hawajawahi kufika Bagamoyo, na wote wanaitamani. Babu yake Shija alikuwa anasimulia kwamba babu yake alibeba mzigo mpaka pale. Wachukue, watembeze kutwa. Ikishindikana safari hii, Mama, mimi sina njia nyingine. Shija amesema hawezi kumkana baba yake, na mimi pia siwezi."

Nikamwambia, "Mimi natembeza watu, mwanangu, sipatanishi."

"Tembeza tu," akasema.

Kumbe watoto wale walikuwa wamemficha kila mzee kwamba mwenzake atakuwepo! Asubuhi ya safari, Noah ya kukodi imesimama hapa Kongowe, Mzee Kondo amekuja na mke wake na Neema, ameshakaa kiti cha mbele na makobazi yake ya zamani, mapana, yamelegea kama masikio ya mbwa. Mara anatokea Mzee Masanja na mke wake, Shija nyuma yao. Suti. Fimbo. Na miguuni, viatu vipya vyeusi vya kuchongoka ambavyo Shija alikuwa amemnunulia Kariakoo. Wazee wakaonana.

"Habari za asubuhi, ndugu Masanja," akasema Mzee Kondo.

"Nzuri, ndugu yangu," akajibu Mzee Masanja.

Ndugu! Nilitaka kurudi ndani nikalale.

Kina mama hawakuwa na shida. Mama Neema na Mama Shija kabla hatujafika walishapeana mapishi ya kisamvu na kulalamikia magoti. Wazee ndiyo walikuwa wamegeuzia shingo kila mmoja kwenye dirisha lake.

Tukafika. Choo, kivuli, kisha nikatazama miguu. Sikuhitaji kutafuta. Mzee Masanja amezoea katambuga, zile kandambili za tairi ambazo mguu unakaa humo kama uko likizo. Sasa mguu ule umebanwa kwenye kiatu cha kuchongoka. Hatujamaliza mtaa wa kwanza, nikaona anakanyaga kwa nje. Mtaa wa pili, fimbo iliyokuwa ya mapambo imeanza kufanya kazi. Usoni hakuna kitu. Msukuma yule alikuwa anatabasamu kwa kila jengo kama vile anataka kulinunua.

Nikapunguza mwendo. Nikawasimamisha mbele ya kila mlango wa kuchongwa, nikasifu hata bawaba. Shija akaona, akanijia pembeni. "Mama, baba anaumia. Nimnunulie ndala?"

"Ukimpa ndala mbele ya Mzee Kondo, umemvua nguo," nikamwambia. "Tulia."

Nilijaribu na utani pia. Nikamwambia Mzee Masanja, "Mtani, hizi nyumba za ghorofa usije ukadhani ni mazizi." Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Ni nzuri sana, mama." Nikamgeukia Mzee Kondo, "Baba, mbona leo mdomo umefungwa, wewe si Mzaramo?" Akasema amesikia. Hamna. Neema alikuwa nyuma yetu, ameshika mkoba kwa mikono miwili, na kila nikigeuka ananitazama mimi kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Saa sita ikatukuta kwenye ile nyumba ya misafara, yenye ua mpana ambako wapagazi kutoka bara walikuwa wanatua mizigo. Nikashukuru Mungu kwa kuta zake. Nikawaambia wakae kwenye baraza, hapa pana maneno mengi. Mzee Masanja akakaa pembeni kabisa, na alipodhani hakuna anayemwona, akavivua vile viatu polepole, akavisukuma chini ya baraza. Niliona kisigino. Kilikuwa kimechunika, chekundu, ila damu ilikuwa haijatoka.

Nikageuza macho upesi. Na nilipoyageuza, yakakutana na ya Mzee Kondo. Na yeye alikuwa ameona.

Basi nikaanza kusimulia, na siku ile nilisimulia taratibu kuliko siku zote, maana kila neno lilikuwa dakika ya mapumziko kwa mguu ule. Nikawaambia watu wa bara, Wanyamwezi na Wasukuma, walivyofika hapa baada ya miezi chungu nzima njiani, na wazee wetu wa pwani walivyowapokea. Nikasema ndiyo maana utani wetu ni wa njiani. Watu waliokutana wamechoka, kila mmoja anaogopa mwenzake, wakaona bora wacheke kuliko wapigane. Mzee Masanja akatazama ule ua kwa muda mrefu. Akasema, kwa mara ya kwanza bila ya ile adabu, "Babu yake baba alikanyaga hapa." Sauti yake ilikuwa nzito. Na mimi nikapatazama upya, kwa sababu mahali hapo nimepita maisha yangu yote na kwangu palikuwa pa kazi tu.

Mwisho nikaishiwa. Nikasema haya, tuendelee. Mzee Masanja akapapasa chini ya baraza. Akapapasa tena. Akatoa makobazi.

Makobazi mapana, yamelegea.

Tukageuka. Mzee Kondo yuko langoni, amesimama mgongo wima, amevaa vile viatu vya kuchongoka, anavikagua kushoto na kulia.

"Viatu vyangu hivyo!" Mzee Masanja akasema.

"Hivi?" Mzee Kondo akavitazama kama ndiyo kwanza anaviona. "Nimevikuta hapo chini vinazurura. Na huku kwetu, ndugu Masanja, kinachozurura bila mchungaji ni cha aliyekikuta."

Kila mtu alielewa ni mchungaji gani anayesemwa. Shija alifumba macho. Neema akaweka mkono mdomoni. Mimi nikasema moyoni, Tabitha, leo umewaleta watu kupigana kwenye nyumba ya kumbukumbu.

Mzee Masanja aliyashika yale makobazi, akayageuza, akayanusa, akakunja uso. Kisha akasema pole pole:

"Kumbe ndiyo sheria yenu. Basi hata mimi sina kosa. Muhogo ule niliukuta umesimama peke yake shambani, haukusema una mwenyewe."

"Uliukuta wewe?" Mzee Kondo akadakia.

"Waliukuta ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako!"

"Wangu, ndiyo! Na walirudi nyumbani wanalia, wanasema muhogo wa Mzaramo hauna ladha, amelima huku anacheza ngoma ya mdundiko!"

Jamani, nyie! Mzee Kondo alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Masanja akacheka fimbo ikamwanguka. Kina mama wakapiga vigelegele ndani ya ule ua, mlinzi akaja mbio akidhani kuna harusi, na mimi nikamwambia baba, hujakosea. Neema alikaa chini pale pale kwenye vumbi na gauni lake jeupe, akalia kwa furaha, na Shija akawa hajui amwinue au akae naye. Akakaa naye.

"Viatu utavikomboa siku ya posa," Mzee Kondo akasema.

"Nitakuja kuvichukua na mahari," akajibu Mzee Masanja, na huku anavaa makobazi. Nikamwona mguu ulivyoingia mle, uso wote ukalainika.

Tulitembea mji mzima mchana ule. Tukaenda bomani, tukaenda mpaka misheni, Mzee Masanja mbele na makobazi yake ya wizi, anauliza maswali, anamtukana kila Mzaramo aliyepita hata asiyekuwa Mzaramo. Mzee Kondo nyuma, anamjibu, anavionyesha viatu vyake kwa watu. Mimi kwa furaha nikasahau kazi. Sikutazama tena miguu.

Jioni tuliposhuka hapa Kongowe, Mzee Kondo akaniomba maji ya kunawa. Nikamletea ndoo uani. Alipovua viatu, visigino vyote viwili vilikuwa vimelowa damu.

"Baba!" nikasema. "Kwa nini usingempa tu makobazi, ukavaa ndala?"

Akatazama mlangoni kwanza kama kuna mtu. "Nimpe? Masanja, na ng'ombe wote wale, apokee kobazi bovu la Mzaramo mbele ya mkwe? Angetembea mpaka mfupa utoke. Mtani humpi kitu, Mama Tabitha. Unamwibia." Akaingiza miguu kwenye maji, akauma meno. "Na ole wako umwambie."

Sikumwambia.

Posa ikapokelewa, harusi ikafungwa, wajukuu wakaja. Viatu havikurudi. Mzee Masanja alileta mahari, Mzee Kondo akasema hii ni ya Neema, kesi ya viatu ni nyingine. Kila Krismasi Mzee Masanja alikuwa anakwenda kuvidai, akiwa amevaa yale makobazi, na kila Krismasi anafukuzwa baada ya kulishwa pilau. Ikawa ndiyo sikukuu yao.

Sasa nimalizie, maana chai yangu na leo inapoa.

Mwaka huu Mzee Kondo alitutoka, kwa uzee, usingizini. Nilikwenda Chole kuzika. Jeneza lilipotaka kutoka ndani, Mzee Masanja alikuwa ameketi mlangoni, katikati kabisa, makobazi miguuni, fimbo amelaza mapajani.

"Hatoki mtu hapa. Huyu ana viatu vyangu."

Watu wakacheka, msiba ukapoa kidogo, ndiyo kazi ya mtani hiyo. Wakamrushia sarafu ili apishe, akazisukuma. Wakamwita mchawi wa ng'ombe, akatikisa kichwa. "Viatu vyangu," akasema, na safari hii sauti ilikatika. Neema akaingia chumbani kwa baba yake, akatoka na boksi. Viatu vilikuwa vimepigwa kiwi, vinang'aa. Havikuwahi kuvaliwa tena.

Mzee Masanja akavipokea, akaingiza mkono ndani, akaupitisha kwenye visigino. Akasimama. Akavisogeza kwenye mwanga.

"Hii ni damu ya nani?"

Hakuna aliyejua. Basi nikasogea, na mbele ya jeneza la aliyenikataza, nikamwambia yote: yale maji ya kunawa uani kwangu, na maneno aliyosema.

Mzee Masanja akajipangusa macho kwa kiganja, akageukia jeneza. "Mzaramo mwizi," akasema. "Kumbe uliniibia na maumivu yangu."

Kisha akavua makobazi, akayaweka juu ya boksi, akavaa vile viatu. Kwa shida, maana mguu wa mzee umevimba. Shija akamsogelea. "Baba, vaa makobazi, makaburini ni mbali."

"Niache. Nampeleka mtani wangu."

Akatoka, anachechemea, anakanyaga kwa nje kama siku ile. Wabeba jeneza walikuwa vijana, wana nguvu, wanakwenda mbio kama desturi. Mimi nilikwishastaafu, lakini miguu ikanipeleka mbele yenyewe, nikawafikia, nikawaambia wapunguze mwendo. Wakapunguza, na msafara wote ukapunguza nyuma yao.